Kuungama ni Nusu: Amri ya Saba Chuoni Kwetu

Kila Kwaresima inapoelekea mwisho, foleni ya maungamo kwenye kanisa letu la chuo inafika mpaka mlangoni. Ni jambo jema, sina ubishi nalo. Lakini wiki hiyohiyo daftari la madeni la mama ntilie wa nyuma ya hosteli liko vilevile, fulana za darasa zilizochangiwa tangu Novemba hazijaonekana, na yule aliyeazimisha kikokotoo chake mwaka jana bado anaulizia kistaarabu.

Kwa miaka miwili nimekuwa nikisaidia kuandaa mafundisho ya jumuiya yetu ya wanafunzi Wakatoliki, siku za Alhamisi jioni. Mada iliyotugawa kuliko zote haikuwa ndoa wala siasa. Ilikuwa swali moja dogo: mtu aliyeiba, akaungama, akapewa maondoleo, bado anadaiwa alichoiba? Zaidi ya nusu ya waliokuwepo walisema hapana. Mungu akishasamehe yamekwisha, sasa unataka nini tena? Jibu la Kanisa ni ndiyo, anadaiwa, na sehemu ya imani yetu ya kila siku imelala kwenye hiyo ndiyo. Nimeombwa niliandike somo lile kwa ajili ya gazeti hili. Wasio Wakatoliki wasikimbie, maana wengi wao watajikuta wako ndani.

Tuanze na Katekisimu ya Kanisa Katoliki. Namba 1459 inasema wazi kwamba dhambi nyingi humdhuru jirani, na aliyedhuru anapaswa kufanya yanayowezekana ili kutengeneza: kurudisha kilichoibwa, kurejesha jina la aliyesingiziwa, kumfidia aliyeumizwa. Maondoleo huondoa dhambi, lakini hayatibu uharibifu wote ambao dhambi imeacha nyuma. Ndiyo maana tangu zamani tunafundishwa kwamba mtubu ana kazi tatu: majuto, maungamo na malipizi. Ile ya tatu sisi tumeipunguza mpaka imekuwa Salamu Maria tatu unazozisali umepiga magoti benchi la nyuma, kisha unatoka nje mwepesi. Salamu Maria ni sala nzuri, ila aliyeibiwa hapokei chochote humo.

Zakayo ndiye mwalimu wetu hapa. Tunapenda sana kumhubiri alipopanda mkuyu, watoto wanacheka, somo linaisha. Kilele cha Luka sura ya 19 kiko mezani kwake. Pale anasimama na kutaja hesabu: nusu ya mali kwa maskini, na aliyemdhulumu amrudishie mara nne. Yesu anatamka kwamba wokovu umefika nyumba ile baada ya hesabu hizo kutajwa. Zakayo alikuwa mtoza ushuru, alijua kupiga mahesabu, na alijua pia Torati ya Musa ilivyoagiza: aliyeiba kondoo na kumchinja au kumuuza alipe kondoo wanne, na kwa ng'ombe alipe watano. Alijihukumu kwa kiwango cha mwizi.

Sasa tuje kwetu. Ukimuuliza mwanachuo kama ni mwizi atakasirika, na ana haki, maana kichwani mwake mwizi ni yule anayeruka dirishani na kompyuta mpakato ya mtu. Namba 2409 ya Katekisimu inapanua orodha vibaya sana. Inasema hata kama sheria ya nchi haikukamati, unavunja amri ya saba ukikaa kwa makusudi na kitu ulichoazima, ukibaki na kitu ulichookota, ukipandisha bei kwa kuvizia shida ya mtu. Inaendelea na rushwa, kutumia mali ya wote kwa faida binafsi, kazi iliyofanywa vibaya, kughushi hundi na ankara, matumizi ya kupita kiasi. (Amri hii baadhi ya wenzetu Waprotestanti wanaihesabu ya nane. Walutheri wanahesabu kama sisi. Namba si hoja, maneno ni yaleyale.)

Kikokotoo kilichoazimwa kimo humo. Ile "nikopeshe elfu kumi, bumu likitoka nakurudishia", kisha bumu linatoka na mtu anabadili njia ya kwenda darasani, nayo imo.

Daftari la mama ntilie linastahili aya zake lenyewe, kwa sababu pale ndipo nilipolielewa somo hili kwa macho. Mwishoni mwa mwaka wa masomo uliopita nilimsindikiza mwenzetu mmoja aliyekuwa anamaliza. Alikuwa amekula kwa mkopo miezi miwili bumu lilipochelewa, na aliona aibu kwenda peke yake. Mama alitoa daftari la mistari, jalada limeliwa na mafuta. Nikaomba ruhusa ya kulitazama. Majina yalikuwa ya utani mtupu: "Mrefu wa Sheria", "Kaka Miwani", "yule wa chapati mbili". Kurasa za mwaka wa nyuma yake zilikuwa na majina mengi ambayo hayakupigwa mstari. Nikamuuliza hawa wako wapi. Akasema, "Walimaliza, mwanangu. Wengine nawaona kwenye simu za wenzenu wamevaa joho."

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililotunyamazisha. Tukapiga hesabu naye kidogo. Sahani moja ya wali maharage haimwachii faida kubwa. Toa mkaa, toa mchele, toa kodi ya kibanda, toa yule binti anayemsaidia kuosha vyombo. Mteja mmoja akiondoka na deni la sahani kumi, mama anapaswa kuuza sahani nyingi mno ili tu arudi alipokuwa. Mtaji wake ni wa kuzungusha: pesa ya leo ndiyo mchele wa kesho. Kwa hiyo deni la msomi aliyevaa joho linalipwa na mtu mwingine. Ama na binti anayepunguziwa ujira, ama na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayekuja mwezi unaofuata na kuambiwa hapa siku hizi hakuna mkopo.

Mwenzetu alilipa 46,000. Mama alipiga mstari kwa peni, akamwongezea ndizi.

Hapa pana hatari moja ya sisi watu wa kanisani, na nitaisema bila kuipaka mafuta. Kuna wanaotoa sadaka nono, wanachangia mavuno na ujenzi wa kigango, huku fedha yenyewe ni ya mtu mwingine. Huwezi kumtolea Mungu cha mama ntilie. Katika Mathayo sura ya 5 Yesu anamwagiza mwenye kutoa sadaka, akikumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake, aiache sadaka pale madhabahuni, aende kwanza akapatane. Aiache hapohapo, ibada isimame! Sisi tunamaliza Misa, tunaimba wimbo wa kutoka, halafu tunapita njia ya mbali na kibanda.

Siku tulipolisoma hili Alhamisi, maswali yalikuja kama mvua. Nitayapitia yale yaliyokuwa na uzito.

Je, kama mwenye mali haonekani? Mama amehama, namba yake haipatikani. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, alilishughulikia swali hili katika Summa yake kwenye sehemu inayohusu kurudisha. Anasema kama mwenyewe hajulikani kabisa, mali itolewe sadaka kwa manufaa yake, lakini baada ya kumtafuta kwa bidii. Hiyo "kwa bidii" ndiyo tunayoiruka. Kupiga simu mara moja usiku wa saa sita siyo bidii. Wauza vocha wa pale jirani wanajua alikohamia. Waulize.

Je, ni lazima nijitangaze? Hapana, na hapa wengi walishusha pumzi. Akwino anasema mtu halazimiki kujifunua mbele ya watu. Anaweza kurudisha kwa mkono wa mwingine, hata kwa kupitia padri anayemwungamisha, na padri amefungwa na siri ya maungamo. Hawezi kumtaja hata kwa kutishiwa kifo. Kwa hiyo ile hoja ya "nitaonekanaje" haina pa kusimama. Bahasha haina sura.

Na kama sina kitu? Akwino tena: anayeweza kurudisha sasa arudishe sasa, asiyeweza aombe muda kwa mwenye mali. Hilo la kuomba muda tunalidharau, wakati mama ntilie angefurahi mno kuona mtu amekuja mwenyewe na kusema, "Mama, sijapata, ila nakumbuka. Naomba mpaka mwezi wa saba." Waswahili walishasema dawa ya deni kulipa, lakini mwenye kusubiri dawa ana haki ya kujua inachemshwa.

Swali la njaa ndilo lililowasha moto. Mshikaji mmoja alieleza kwamba mwaka wa kwanza, kabla bumu halijatoka, mwenzake wa chumbani alikuwa akichota unga wake kimyakimya usiku na kupika uji. Ni wizi? Dada mmoja akasema wizi ni wizi, cha mtu mavi. Nikafungua namba 2408, ambayo inashangaza wengi: si wizi pale mtu mwenye hitaji la lazima na la haraka hana njia nyingine isipokuwa kuchukua kilicho cha mwingine, kwa sababu vitu vya dunia hii vimekusudiwa wote, na kumkatalia mwenye njaa ni kinyume cha akili timamu. Lakini soma vizuri: hana njia nyingine. Kama angeweza kuomba, angeomba. Tukabishana kama aibu ya kuomba inahesabiwa kuwa ni kukosa njia. Mimi nadhani saa nyingine inahesabiwa, hasa kwa kijana aliyetoka mbali, siku yake ya nne mjini. Yule dada hakukubali mpaka leo, na tukikutana kwenye foleni ya chakula ananiuliza kama nimeshakula unga wa mtu. Tulichokubaliana wote ni kwamba mwenye unga naye ana swali lake: alilalaje wiki nzima jirani na mwenye njaa bila kujua?

Rafiki yangu Mwislamu ninayeishi naye alipoona nimetandaza vitabu vyote hivi aliuliza kuna nini. Nikamweleza. Akasema kwao pia toba ya aliyedhulumu haitimii mpaka haki ya mtu imerudi kwake au mwenyewe amesamehe. Akashangaa kwamba sisi tumehitaji Alhamisi nzima.

Sasa niguse ndani ya nyumba, yaani sisi viongozi wa wanafunzi. Fedha za vyama, klabu na madarasa hupita mikononi mwetu: michango ya safari, ya mahafali, ya msiba. Kiasi cha mtu mmoja ni kidogo, elfu tano, elfu mbili, na hapo ndipo shetani anapata kiti. Risiti ya maji inaandikwa katoni ishirini wakati zimenunuliwa kumi na mbili. Nauli ya bodaboda inageuka teksi. Kila aliyechanga amepoteza shilingi chache tu, hivyo hakuna anayelia, na asipolia mtu tunaona hakuna aliyeibiwa. Katekisimu haijaweka kiwango cha chini. Ambaye ameshafanya hivyo na amejuta, njia iko wazi: fedha irudi kwenye mfuko uleule, kwa mweka hazina aliyepo sasa, hata kama ni bahasha isiyo na jina yenye maneno "ya safari". Kulipa kwa kujitolea sana kwenye kamati hakutoshi. Jasho lako la mwaka huu halijazi tundu la mwaka jana.

Jina la mtu ni mali pia, na hili nitalipita haraka. Uliyemsambazia uvumi kwenye kundi la darasa, ukaungama, bado unadaiwa ukweli, na ukweli unapaswa ufike kulekule uvumi ulikofika. Ukiwa ulisema kwa watu mia, kumwomba radhi peke yake chini ya mwembe hakujafika.

Linalobaki ni gumu zaidi: alama. Mtu ameingia na karatasi ya kuibia, au ameandikiwa utafiti wa mwaka wa mwisho kwa kulipa, au jina lake limewekwa kwenye kazi ya kikundi ambayo hakuigusa. Amepata B. Anairudishaje B? Alhamisi ile tulikaa kimya kwa muda. Wengine walisema kwamba hapa hakuna aliyeibiwa, kwa hiyo hakuna cha kurudisha.

Aliyeibiwa yupo, ila bado hajakutana naye. Cheti ni ahadi kwa watu usiowajua: huyu anajua kipimo cha dawa, huyu anajua nguzo itabeba uzito gani. Ahadi ikiwa ya uongo, atakayelipa ni mgonjwa au mpita njia. Nikawasimulia habari za Floribert Bwana Chui wa Goma, mji ambao Kiswahili ndiyo lugha ya mitaani. Alizaliwa mwaka 1981, akasoma sheria, akawa mwanajumuiya wa Sant'Egidio akihudumia watoto wa mitaani. Kisha akapata kazi kwenye ofisi ya serikali inayokagua ubora wa bidhaa, pale mpakani mwa Kongo na Rwanda. Kazi ya makaratasi: kuangalia shehena, kupitisha au kuzuia. Ilipokuja shehena ya chakula kilichoharibika, walimpa rushwa aipitishe. Akakataa. Wakamshinikiza, akakataa tena, kwa sababu kile chakula kingeliwa na watu. Mwaka 2007 alitekwa na kuuawa, kijana wa miaka ishirini na mitano hivi. Tarehe 15 Juni 2025 Kanisa lilimtangaza Mwenyeheri, shahidi wa imani, katika Basilika la Mtakatifu Paulo Nje ya Kuta, Roma.

Hakuulizwa kama anaamini Utatu Mtakatifu. Aliombwa kupitisha mzigo tu, na Kanisa limesema kufa kwa ajili ya kukataa jambo hilo ni kufa kwa ajili ya imani. Mimi hili limenibadilishia namna ya kuutazama mtihani wa saa tatu kuliko mahubiri mengi niliyosikia. Mwenye kuzoea kupitisha majibu yasiyo yake hapa, siku akipewa mamlaka ya kupitisha mzigo atazuia kwa mazoea gani?

Kuhusu kurudisha B, tulifikia hapa, na mlezi wetu padri aliona ni sawa. Ambaye bado ana nafasi ya kurekebisha bila kumponza asiye na hatia, arekebishe, hata kama ni kwa kukubali sapu. Aliyemnyang'anya mwenzake kitu kinachoonekana, mfano nafasi au tuzo iliyokuwa ya mwenye kustahili, anadaiwa kitu hicho hasa. Na kila mmoja wao anadaiwa maarifa yenyewe: arudi kwenye somo lile alisome mpaka alijue kweli, usiku na likizo, bila mtihani wala alama, kabla hajakaa mbele ya mgonjwa au mteja. Kuna aliyeguna kwamba hiyo ni kazi kubwa kuliko kusoma mwanzoni. Ndiyo.

Mwisho, mkopo. Wengi wetu tunasomeshwa na Bodi ya Mikopo, na lugha yetu inatusaliti: tunaita bumu, kama kitu kilichodondoka. Ni deni. Anayeajiriwa kwenye mshahara hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, kwa hiyo hana ujanja. Mtihani wa dhamiri uko kwa anayejiajiri, ambaye anaweza kupotea miaka akijisemea hela ya serikali haina mwenyewe. Mwenyewe yuko kidato cha sita sasa hivi, anasubiri fungu linalorudi ndilo limsomeshe. Kaka mmoja aliyemaliza kabla yetu anafuga kuku wa nyama pembezoni mwa mji. Nilimuuliza anafanyaje. Akasema kila akiuza kundi anatenga la Bodi kwanza, kisha chakula cha vifaranga, kisha zaka. Nikamuuliza paroko wake analichukuliaje hilo la zaka kuwa ya tatu. Akasema alimweleza, na paroko akauliza tu kuku wanatoka lini.